Viazi vya Kiangazi

Cherehani haikuwapo. Mezani palibaki kitambaa tu, kimelowa mafuta.

"Wezi balivunja dirisha, baliibeba," alisema Régine, mwenye nyumba.

Inspekta Edouard Mwape alikichukua kile kitambaa. Nyuma yake alisimama Clotilde, mshonaji wa Kikasai, aliyekuwa jirani hapa hapa katika mtaa huu uitwao Kenya mpaka kujitenga kwa Katanga kulipowafukuza watu wa kwao kwenda kambi ya wakimbizi. Cherehani alimwachia Régine aichunge. Kesho anapanda treni ya kurudi Kasai na watoto wake, na bila cherehani hana kingine cha kuwalishia.

Mwape alitazama jikoni. Unga wa bukari, ugali wa huku, upo, chumvi ipo. Na njaa yote hii! Mwizi gani aache unga, abebe chuma, apite nacho mbele ya askari kila njia panda? Akili ni nywele, lakini hapa hata mwenye upara angeng'amua.

Akatoka uani, wanawake wakimfuata. Kando ya ukuta, tuta jipya la viazi vitamu, majani yamenyauka. Mwezi wa saba, mvua hakuna.

"Mama Régine, ulipanda hivi lini?"

"Juzi."

"Viazi, kiangazi? Mama yako alikufundisha vile?"

Régine alisogea akalikinga tuta. Mwape akamwonyesha kile kitambaa.

"Nani alikuwa anapangusa mashini ya kushona?"

"Bwana yangu, Alphonse. Kila siku ya Mungu, akitoka misa."

"Na wewe?"

Sauti ya Régine ikapasuka. "Mimi nilikuwa naangalia. Anaipakaa mafuta pole pole, anaiimbia. Mimi, tangu anioe, hajanishika vile hata siku moja. Nilisikia wivu, Inspekta. Ule mwanamuke iko mu kambi, lakini alibakia mu salon yangu, pa kuketisha wageni."

Mwape aliomba jembe. Pigo la tatu liligonga chuma. Cherehani ilitoka na udongo, gurudumu lake limepondwa kwa nyundo.

"Sikuuza," alisema Régine. "Sikukula hata falanga moja. Sasa niko mwizi namna gani?"

"Sheria haiulizi kama uliuza ao ulizika. Ulipewa ya mwenzako uchunge, ukaifanya kama yako, ukaiharibu. Ni abus de confiance, mama. Watu wanafungwa juu yake."

Clotilde alikuwa amepiga magoti, anatoa udongo kwa kucha. Hakuinua uso.

"Mimi ndiye nilimuomba Alphonse aitie mafuta, isishike kutu. Nilimuambia: nikifa mu kambi, mashini ni ya Régine."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimukataza. Kusema kifo ni kukiita." Akafunga cherehani ndani ya kitenge, akaibeba hivyo hivyo, imevunjika. "Alikuwa anakuchungia wewe."

Régine aliketi juu ya tuta lililofukuliwa. Mwape alipomshika mkono ili waende polisi, Régine aliomba kwanza amsubiri Alphonse arudi kutoka kazini. Mwape alikataa, kisha akakaa naye wakamsubiri.