Shati Lenye Mpira Mgongoni

"Toa hilo shati kwenye begi," mke alisema kwa mara ya tatu.

"Nikilitoa nitalala na nini?"

"Unayo mashati mengine. Chukua lolote. Hilo hapana."

Mume akalibana begi kwapani kama mtu anayemlinda jogoo wake sokoni. Nje manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu asubuhi. Chumba kilikuwa na giza. Karibu na dirisha ilikaa cherehani ya mke, na juu yake gauni la mteja. Mkono wa kulia wa gauni ulikuwa umeshonwa mahali pa mkono wa kushoto. Siku hizi mke alifanya makosa ya namna hiyo, yeye ambaye zamani alitia uzi kwenye sindano bila kuitazama.

Usiku ule mume alitakiwa kulala hospitali. Hakuwa anakwenda kulazwa. Alikuwa anakwenda kupimwa usingizi, kwa sababu daktari alishuku kwamba pumzi yake hukatika akiwa amelala.

Shati lenyewe alilishona mke kwa mkono wake. Mume alikoroma vibaya zaidi alipolala chali, na jirani wa upande wa pili aligonga ukuta mpaka chokaa ikadondoka. Basi mke akachukua shati la kulalia, akashona mfuko mdogo katikati ya mgongo. Ndani ya mfuko akatia mpira wa kuchezea wa binti yao, kisha akaufunga kwa mshono wa mara mbili. Mume akigeuka chali, mpira unamuumiza, anarudi ubavu. Kukoroma kulipungua. Jirani akaacha kugonga. Kila mtu akasema ugonjwa umekwisha. Mke hakusema.

Sasa mume alitaka kulala na shati hilo mbele ya wapimaji.

"Nikilala ubavu sikoromi sana," alisema. "Wataona mtu anayelala kama watu. Wataandika kwamba sina kitu, na mimi nitarudi juu."

Juu maana yake ni kwenye kreni. Alikuwa mwendesha kreni wa miaka mingi. Alikaa peke yake kwenye kibanda cha kioo, juu ya jengo lisilokwisha, akinyanyua zege na nondo. Wenzake walimwita Mwewe. Mwezi uliopita alisinzia huku mzigo wa nondo unaning'inia. Mzigo ukashuka, ukalivunja jukwaa la mafundi. Mafundi walikuwa wamekwenda kunywa chai. Isingekuwa chai, yangechimbwa makaburi.

Msimamizi alimshusha siku ile ile, akamtuma kwa daktari. Tangu hapo Mwewe alikuwa chini, anang'oa misumari kwenye mbao za zamani. Vijana wa zege walimpita wakicheka kwamba Mwewe amekuwa kuku, anadonoa chini.

Mke alilishika begi kwa upande mmoja. Mume akalivuta kwa upande wa pili. Hapo ndipo wifi alipoingia, mwavuli unachuruzika maji.

Wifi alikuwa dada mdogo wa mume, na alikuwa muuguzi. Alikuwa ametoka zamu ya mchana, akaja kubaki na binti yao usiku ili mke amsindikize mumewe.

"Kelele zenu nimezisikia tangu kule kwenye kona," alisema. "Nikadhani mnagombania urithi. Nikajiuliza, urithi gani, sufuria?"

Mke alimweleza habari ya shati. Wifi akalitoa kwenye begi, akaubonyeza mpira kwa kidole gumba. Kisha akamsogelea kaka yake, akamnusa kama mtu anayenunua samaki.

"Umekunywa kahawa."

Mume akakiri vikombe viwili, vya baada ya chakula cha mchana. Alifikiri kwamba shati likishindwa, kahawa itamweka macho. Mtu akikaa macho usiku kucha, watapima nini?

"Na kichwa kinang'aa kiasi hiki kwa nini?"

Alikuwa amejipaka mafuta, kwa kuwa anakwenda kwa watu.

Wifi akavuta kigoda, akakaa. Hakupandisha sauti. Alieleza kama anavyowaeleza wagonjwa wake, polepole, akihesabu kwa vidole. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu koo huziba kabisa. Hewa haipiti. Mwili unakosa pumzi, ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa nguvu, kisha analala tena. Jambo hilo hurudia mara nyingi kwa usiku mmoja, na asubuhi mwenyewe hakumbuki hata mara moja. Anachokumbuka ni kuumwa kichwa. Mchana anasinzia kwenye kiti, shinikizo la damu linapanda, na moyo unachoka.

"Kaka, huendi kufanya mtihani wa shule. Hakuna kufaulu wala kufeli. Wanataka kuona unavyolala kweli, ubavu na chali. Ukiwaficha, watatibu mtu mwingine ambaye hayupo."

Aliwaambia watakachokikuta. Watambandika vidude vidogo vyenye nyaya kichwani, karibu na macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Watamfunga mikanda miwili, mmoja kifuani, mwingine tumboni. Watamwekea kimrija puani na kibanio kwenye kidole. Mume akauliza kama nyaya hizo zina umeme wa kumrusha mtu. Wifi akasema zinasikiliza tu, na wala hakuna sindano. Mpimaji hukaa chumba cha pili, anatazama kwenye kioo cha mashine. Mtu akitaka kwenda msalani anaita, anafunguliwa, anarudi.

Ndiyo maana nywele zioshwe kwa sabuni na zisipakwe chochote. Kwenye mafuta vidude havishiki. Usoni pia pasipakwe kitu. Mtu asinywe kahawa wala chai tangu adhuhuri, asinywe pombe, na asilale mchana. Ale chakula chake cha jioni kama kawaida. Dawa zake za shinikizo la damu azinywe kama daktari alivyomwelekeza, na pakiti aende nayo. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia asiguse.

"Nami kahawa nimeshainywa," mume alisema.

"Ukifika uwaambie. Kama watakupima leo au watakupangia siku nyingine, hiyo ni juu yao. Lakini waambie."

Mume alitazama chini. Mikono yake mikubwa ilikuwa na kutu ya misumari, na kutu hiyo ilikuwa haitoki tena kwa sabuni.

"Nyinyi mnaongea kuhusu kulala," alisema. "Mimi naongea kuhusu kazi. Nikiwa juu mimi ni mtu. Nikionekana mgonjwa, nani atanipandisha tena?"

Wifi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema hajui kama atapandishwa. Alijua wagonjwa wengi waliopewa mashine ndogo ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala. Walilala vizuri, wakaacha kusinzia, na baadhi yao daktari aliwaruhusu warudi kazini. Wengine walibadilishiwa kazi. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Kisha akauviringisha mpira ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

"Baba alikufa usingizini," alisema. "Watu wote walisema kifo cha raha. Wewe ulikuwa mbali kazini, ukaambiwa hivyo hivyo. Mimi nililala chumba cha pili. Kabla ya usiku ule, miaka na miaka, nilimsikia akikoroma, kisha kimya, kisha anavuta hewa kama mtu aliyetolewa kwenye maji. Siapi kwamba ndicho kilichomuua, maana hakuna aliyempima. Lakini raha haikuwa."

Mume alisema kwamba yeye si baba. Alilisema mara mbili. Tena akasema daktari alimwuliza kama kuna mtu anayemwona pumzi ikikatika, naye akajibu hakuna. Hajawahi kuona kitu kama hicho.

"Utaonaje, umelala?" mke aliuliza.

Akaja akasimama mbele yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaongea na mtoto ambaye hajaamka vizuri.

"Sikiliza, baba watoto. Mpira umeondoa kelele. Kimya haujakiondoa. Kila usiku naweka unyayo wangu mgongoni kwako, hapo karibu na mpira. Pumzi ikikatika nangoja. Isiporudi nakusukuma kwa mguu, nawe unavuta hewa. Usiku kucha nakusukuma. Mchana nashona mikono kombo, wateja wananiuliza kama nakunywa."

Mume akafungua mdomo. Mke akaendelea.

"Jana nililala. Sikukusudia. Nilipoamka kumekucha, ulikuwa umenipa mgongo, hutikisiki. Nikaogopa kukugusa. Nililala pale na mkono wangu hewani, najiuliza nitamwambia nini mtoto. Mpaka ukakohoa."

Manyunyu yalisikika kwenye bati. Wifi aliinamisha kichwa. Binti yao, aliyekuwa amekaa mlangoni na doli lake, aliuliza kama shangazi analia. Shangazi akasema ni mvua, ametoka nje sasa hivi.

Mume akaweka begi sakafuni. Akanyoosha mkono juu ya cherehani, akachukua mkasi wa kukatia vitambaa. Mkasi huo mke hakuruhusu mtu auguse, hata kwa kukata kamba. Safari hii hakumzuia.

Mume akalichukua shati mikononi mwa dada yake, akaanza kufumua. Hakujua kufumua. Mshono ulikuwa wa mara mbili, na mwenye kushona alikuwa fundi. Vidole vyake vinene havikuingia kwenye vishikio vya mkasi. Alikata uzi, akakata na kitambaa. Mke alitazama kazi yake ikiharibiwa, akaiacha iharibike. Mpira ukadondoka, ukabingirika hadi chini ya cherehani. Binti akaufuata kwa magoti.

"Kumbe ulikuwa huku," alisema. Alikuwa ameutafuta wiki nyingi.

Mume akatoka na beseni na kipande cha sabuni. Walimsikia bombani akiosha kichwa, mara moja, kisha mara ya pili. Aliporudi nywele hazikung'aa tena, zilisimama kama nyasi za kiangazi. Alijifuta, akatia pakiti ya dawa zake kwenye begi. Kisha akalikunja lile shati, akalitia nalo.

"Lina tundu mgongoni," mke alisema. "Chukua jingine."

"Nitalilalia tundu."

Akachukua mto wake kitandani, akausokomeza ndani ya mfuko wa plastiki usilowe. Mlangoni akampa mkewe mto, akamwangalia.

"Vaa viatu vyako vizuri," alisema. "Hutaishia kwenye geti la hospitali. Utaingia na mimi hadi ndani, ukae na huyo mpimaji umweleze habari ya kimya. Umweleze na habari ya mguu. Mimi sikuwepo."

Mke akaifunika cherehani, gauni la mteja likiwa bado na mkono wa kombo. Wifi akawapa mwavuli wake. Wakatoka, yeye na begi, mkewe na mto, na mlango ukafungwa nyuma yao.