Aliyeongeza Maji Kwenye Sharubati

Kazi ya kwanza ya Nukta kila asubuhi ilikuwa kubandika sufuria kubwa ya maji jikoni. Tangu mafundi wachimbe mtaro barabarani na kupasua bomba, maji ya mtaani yalitoka na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Ya kufulia na kuoshea yaliwekwa kwenye pipa la bluu nyuma ya nyumba. Ya kunywa yalichujwa kwa kitambaa cheupe, yakachemshwa mpaka yakatokota, kisha yakafunikwa yapoe. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, hakuwa na mzaha na jambo hilo. Ukikamatwa unakunywa maji ya pipa, ulikuwa na kesi ya kujibu.

Nukta lilikuwa jina la utani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini kwa kimo ungempa tisa, basi ndugu zake wakamwita hivyo na yeye akachoka kubishana. Kilichomuudhi ni kwamba hakuna aliyempa kazi ya maana. Ndugu wa upande wa mama walikutana kila msimu wa joto, wakala na kuongea kutwa nzima, na yeye siku zote aliambiwa apange viti au abebe watoto.

Mwaka huu walikutana kwao. Mwaka uliopita vinywaji vilinunuliwa barabarani, vile vya kupimiwa kwenye ndoo, na nusu ya watoto wakaharisha. Kwa hiyo Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama, alikata shauri mapema.

"Sharubati itatengenezwa hapahapa nyumbani," alisema. "Na atatengeneza Nukta. Huyu ndiye mwenye mikono safi kuliko wote."

Nukta aliipokea kazi ile kama mtu aliyepandishwa cheo. Maji aliyachemsha siku moja kabla. Asubuhi aliviringisha malimau juu ya meza kwa kiganja mpaka yakalegea, maana limau gumu hutoa maji kwa ubahili. Aliyakata, akayakamua, akachuja mbegu zisije zikatia uchungu. Akamenya nanasi na kulisaga. Akakwangua pasheni kwa kijiko. Sukari aliiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto ili isilale chini ya ndoo. Vidole vilimwasha na mgongo ukamuuma, lakini alipoonja alifumba macho kwa raha. Ilikuwa kali kidogo, tamu kiasi, na ilinukia mpaka sebuleni.

Ilijaa ndoo kubwa nyeupe yenye mfuniko. Mama alikadiria ndugu wote, akasema itatosha na kubaki.

Ingetosha kweli kama si Mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa friji, mcheshi, mwepesi wa kukaribisha watu kwenye chakula cha wenzake. Wakati wa kula alitokea na kundi la mafundi kutoka karakana yao bila kumwambia mtu. "Karibuni, jisikieni kwenu," aliwaambia, na wao, watu wa kazi waliotoka juani, wakajisikia kwao hasa. Sharubati ikaanza kushuka kwa kasi.

Nukta alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba akisuuza vikombe alipomwona Mjomba akija na jagi. Alifunua pipa la bluu, akachota, akatazama huku na huku, akaondoka. Baada ya muda mfupi alirudi akachota tena. Nukta alidhani anawanawisha wageni wake. Lakini aliporudi mbele na vikombe, ndoo aliyoiacha nusu ilikuwa imejaa pomoni, na rangi ya sharubati yake imepauka.

Alimsogelea Mjomba, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, maji ya pipa hayajachemshwa."

Mjomba aliwatupia jicho wenzake, akacheka. "Maji gani tena, mama? Nenda kacheze na wenzako."

Hapo binamu yake mmoja akainua kikombe juu. "Jamani, hii ni sharubati au ni maji ya kuoshea vikombe?"

Watu wakacheka. Mjomba naye akadakia, bila haya, "Msimlaumu, ndiyo kwanza anajifunza. Mkono wake mzito, amebania limau." Wakacheka zaidi. Mama alimtazama Nukta kwa uso wa mtu aliyevunjwa moyo.

Nukta alifura kwa hasira. Alikuwa na haki ya kukasirika, na mtu asimwambie vingine. Kazi yake ilikuwa imeharibiwa mchana kweupe, kosa akabandikwa yeye, na aliyeiharibu akawa ndiye wa kuwachekesha watu. Aliviweka vikombe mezani kwa kishindo.

Kisha akamwona mkaza mjomba, mke wa Mjomba, akimnywesha mtoto wao mdogo. Mtoto yule alikuwa ametoka hospitali majuzi tu kwa kuhara, na shingo yake ilikuwa bado nyembamba. Nukta aliruka, akakipokonya kile kikombe, akakimwaga chini. Akaifunika ndoo, akaikalia.

"Hanywi mtu," alisema.

Kicheko kilikatika. Mkaza mjomba alibaki mdomo wazi. Mama alikuja mbiombio.

"Nukta, shuka hapo. Unanitia aibu mbele ya wageni."

"Sishuki, mama. Mjomba ametia maji ya pipa humu. Nimemwona kwa macho yangu, na nimemwambia, akanijibu nikacheze."

"Mmemdekeza sana huyu," Mjomba alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Tangu lini mtoto akamwita mjomba wake mwongo mbele za watu?"

Wazee wawili watatu waliguna kuwa watoto wa siku hizi hawana adabu. Mama alimshika Nukta sikio. Machozi yalimtoka Nukta, ya hasira tupu, lakini hakubanduka kwenye ile ndoo.

Mama Mkubwa alikuwa mkata tiketi wa stendi ya mabasi, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Safari hii aliongea taratibu. "Mwache sikio. Inuka kidogo, mwanangu, nichote kikombe kimoja."

Nukta aliinuka. Mama Mkubwa alichota, akampa Mjomba. Mjomba akakipeleka kinywani harakaharaka.

"Si wewe," Mama Mkubwa alisema. "Wewe una tumbo la chuma. Mpe mwanao."

Mjomba alibaki na kikombe mkononi. Alimtazama mtoto, akawatazama wageni wake, akamtazama mtoto tena.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mbona humpi?"

Mjomba akakiweka kikombe chini. "Niliongeza maji kidogo. Sharubati ilikuwa inaisha, na wageni ni wangu. Niliona aibu."

"Ukaona afadhali aaibike mtoto," Mama Mkubwa alisema.

Ndoo ikamwagwa mtaroni. Waliokwisha kunywa wakaambiwa tumbo likiwasumbua waende zahanati mara moja, wasione haya. Mjomba alitumwa sokoni kununua malimau na matunda mengine, na mafundi wenzake wakakunja mikono ya mashati. Nukta aliwasimamia, uso umekunjamana. "Viringisha kwanza," alimwambia fundi mmoja mwenye mikono mikubwa. "Usiponde mbegu." Fundi akatii.

Mjomba alimfuata jikoni maji yalipokuwa yakichemka. "Nisamehe, mpwa wangu."

"Usiniambie mimi peke yangu," Nukta alijibu. "Waambie wale waliocheka."

Mjomba alitoka, akasimama mbele ya watu wote, akasema sharubati ya kwanza ilikuwa nzuri na yeye ndiye aliyeiharibu, kisha akamsingizia mtoto. Alisema huku anatazama viatu vyake. Mama naye alimvuta Nukta karibu. "Nilikushika sikio kabla sijakusikiliza. Nimekosa."

Mama Mkubwa aliwakusanya watoto wote barazani. "Kumheshimu mkubwa ni kumwamkia, kumpisha kiti na kumsaidia mzigo," alisema. "Kunyamaza watu wakiletewa ugonjwa si heshima. Ukiona jambo la kumdhuru mtu, sema. Anza kwa sauti ya chini, kama alivyoanza Nukta. Usiposikilizwa, pandisha." Akawageukia wakubwa. "Na sisi tukikosea tukiri wenyewe, tusingoje mpaka mtoto akalie ndoo."

Watu walicheka. Nukta hakucheka, hasira ilikuwa haijamwisha. Alishika upawa akaanza kugawa sharubati mpya, ikiwa bado na uvuguvugu. Alimpa Mjomba mwisho kabisa, baada ya watoto na wageni wote, lakini kikombe chake alikijaza.