Wimbo Uliovuja Nyumbani kwa Bwana Bure

Ndugu zangu, sogeeni. Hii inatuhusu sote, hasa wewe unayejifanya hukusikia.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumba imetulia. Mke anapiga pasi, mume kajilaza kwenye kochi. Mke ni mwimbaji. Mume tulimwita Bwana Bure, maana filamu na nyimbo zote alizichukua mtandaoni bila kulipa. Mara wimbo ukasikika dirishani kwa jirani. Pasi ikabaki hewani.

"Baba watoto, ule si wimbo wangu?"

"Umefanana tu."

"Hata kikohozi changu kimefanana? Albamu haijatoka!"

Kufikia jioni wimbo ulikuwa kila kona. Msambazaji wa albamu akavunja mkataba: nani anunue kitu alicho nacho tayari? Mke akakosa usingizi. Akakimbilia chama cha wanamuziki. "Mtafuteni aliyeuvujisha. Nitamshtaki mimi mwenyewe!"

"Tumwachie Mungu, mama," mume akasema, jasho likimtoka.

Niwaeleze kidogo. Zamani watu walipeana nyimbo kupitia mtambo mmoja wa mtandaoni. Kesi ikafunguliwa, mtambo ukafungwa. Wajanja wakabuni programu za kuunganisha kompyuta kwa kompyuta: unapopokea, na wewe unagawa vilivyo kwenye folda yako. Basi wanasheria wakaanza kufuata watu majumbani.

Bwana Bure alijua kupokea. Habari ya kugawa aliipuuza. Rekodi aliyopewa na mkewe aitunze, aliiweka kwenye folda ileile ya filamu, eti ndiyo yenye nafasi.

Wakili wa chama akapiga simu. "Dada, umekaa? Laini ya mtandao iliyotoa wimbo tumeipata. Ni ya kwako, nyumbani."

Mke akageuka. "Ni wewe?"

"Sikuuza, mke wangu! Haki ya Mungu, sikupata hata senti!"

"Bora ungeuza. Angalau mmoja wetu angekula."

Mke angeweza kufuta kesi. Lakini nyimbo za wanamuziki wenzake nazo zilikutwa kwenye folda hiyo hiyo, na wao wana watoto. Akaenda mahakamani.

"Unamfahamu mshtakiwa?" hakimu akauliza.

"Tunalala kitanda kimoja, mheshimiwa. Nilidhani namfahamu."

Watu wakacheka. Yeye alikuwa analia. Bwana Bure akapatikana na hatia, na ile albamu haijatoka mpaka leo.

FUNZO

Kazi ya msanii ni jasho la mtu, hata kama huyo mtu humjui. Usiseme "sikuuza, nimegawa tu." Ukigawa kisicho chako, umeshamnyang'anya mwenyewe. Na hiyo programu iliyoko kwenye kompyuta yako, nenda kaizime sasa hivi. Nakusubiri.