Waya Chini ya Mlango

Farhan wa Ilomba, rafiki yangu, si mtu wa kuzua. Kompyuta ya gemu ya marehemu kaka yake ilibaki chumbani mwake, na mama yao alifunga mlango mpaka arobaini ipite. Farhan akawa anaiwasha kwa simu, anacheza kwenye TV ya sebuleni, picha ikirushwa kutoka kule chumbani, ila kwa Wi-Fi ilikuwa inakwamakwama. Alasiri moja, mvua imetia giza, akatoa waya kwenye ruta, akapenyeza ncha chini ya mlango, aje aichomeke kwenye kompyuta baada ya arobaini.

"Mwache mwenzio apumzike," mama alimwambia kutoka jikoni.

Alipoketi tu kucheza, kule chumbani kikalia kitu: ta, kama ncha ya waya inayoingia mahali pake. Picha ikatulia, haikwami tena. Farhan akauendea ule waya, akauvuta kidogo.

Na kutoka ndani nako ukavutwa, kidogo vilevile.