Niliyomsimulia Bibi Mdachi

Nina miaka thelathini na minne, kwetu ni Bigwa. Kuandika sijui, mwalimu wa misheni ndiye ananiandikia, maana haya yamenishinda kuyabeba peke yangu.

Nilikuwa dobi wa Bibi mmoja Mdachi, mke wa mwenye shamba la mpira. Bibi huyo alikuwa akiandika maisha ya mwanamke wa Uingereza, mtunzi wa hadithi aliyekufa zamani. Mezani alikuwa na vitabu tisa vya watu waliomwandika mwanamke huyo huyo, na wote aliwaona waongo. Marehemu mmoja, vitabu tisa... na bado wanamchokonoa!

Siku moja napiga pasi, akaniambia yule mtunzi alikulia ndani kwa baba yake, hatoki, na hakuna aliyejua aliwaza nini humo. Akasema, "Wewe nawe uliwekwa ndani miaka miwili ulipokuwa mwali. Nieleze ulifundishwa nini, nipate kumwelewa."

Nilijua ni mwiko. Ya unyago hayatoki nje, na mwanamume hayasikii kabisa. Lakini nikajidanganya: huyu ni mwanamke, tena mgeni, atamwambia nani? Na niseme kweli, nilipenda kusikilizwa. Nyumbani nani aliwahi kuniuliza nawaza nini? Nikaeleza yote, hadi nyimbo.

Bibi akaandika, kisha akampa karani wake anakili kwa mwandiko safi. Karani yule alikuwa mume wa binamu yangu. Akayasoma... akaenda kuyachekea kilabuni kwenye pombe.

Mjomba akaniita mbele ya ukoo. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Alisema tu, "Binti yako amevunja ungo. Atawekwa ndani kwa mama yake mkubwa. Wewe usikanyage huko."

Nilimkimbilia Bibi nikamwomba azichome zile karatasi. Alinionea huruma, lakini zilikuwa zimeshakwenda Ulaya. Kitabu kilipokuja alinionyesha, akanisomea. Jina la yule Mwingereza liko juu kwa dhahabu. Mimi nimeitwa "mtumishi mmoja".

Mwezi uliopita mwanangu alitolewa nje. Ngoma niliisikilizia ng'ambo ya mto, na kikapu cha nguo za Bibi miguuni. Kuna wimbo wa kumpokea mwali ambao mama mzazi ndiye huuitikia. Walipofika pahali pangu, nikafungua mdomo... akaitikia mtu mwingine.

Ningefanya nini?

Dada zangu, mliyokabidhiwa na mama zenu msiyatoe, hata mkiulizwa kwa upole. Mimi niliulizwa kwa upole sana.