Jagi la Masalio

Jua lilikuwa linazama nyuma ya makreni ya bandari, na wageni wa meli ndio kwanza walikuwa wanainuka kwenye chakula cha mchana.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwenye meli ile ya anasa. Chakula cha mvinyo kilianza jua likiwa utosini, kikaburutwa chupa baada ya chupa, mpaka vicheko vikageuka miayo. Kifaranga alisubiri mlangoni, jagi la bati mkononi. Walimwita hivyo kwa udogo wa umbo lake na ugeni wake kazini. Alitumwa kukusanya mvinyo uliobaki kwenye bilauri, kisha akaumwage baharini, nyuma ya meli, kabla kamba hazijafunguliwa. Kila bandari walifanya hivyo.

"Usionje," alisema Nyapara, mwanamke aliyesimamia ukumbi. "Wala usimpe mtu."

"Kwa nini, mama?"

"Mama yako yuko kwenu. Nenda."

"Kifaranga anataka kujua mwewe analala wapi!" alidakia mpishi, na wenzake wakaangua kicheko.

Hakukasirika. Kesho meli ingefunga gati kwao. Mama yake angemletea mwanawe getini, na ruhusa ya kushuka alishapewa. Tangu amwachishe ziwa hakuwahi kumbeba tena. Hata Dobi, dada aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa amempigia pasi gauni la kushukia bila kuombwa.

Akaingia ukumbini. Bilauri baada ya bilauri, jagi likajaa.

Tone... tone... tone...

Kwenye meza ya pembeni alikuwa amekaa bibi kizee. Upindo wa nguo yake ulikuwa unachuruzika maji juu ya zulia. Alinuka matope ya gatini na mvinyo uliochacha.

"Bibi, mbona umelowa hivyo! Nikuletee shuka? Nikuletee maji ya moto unywe?"

"Maji ninayo mengi," alinong'ona bibi. "Nipe hicho ulichoshika."

Kifaranga alikumbuka alivyoonywa. Lakini mikono ya yule bibi ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua. Kama mikono ya mama yake. Amnyime mzee kitu kinachokwenda kumwagwa? Akajaza bilauri, akamshikisha kwa mikono yake miwili.

Bibi akanywa. Akanyoosha bilauri tena. Na tena. Jagi likakauka.

Koo lake halikucheza hata mara moja.

"Una moyo mzuri, mwanangu. Umezaa?"

Swali hilo humlainisha mama yeyote. Kifaranga akachomoa picha kwenye aproni. Bibi akaipapasa kwa kidole gumba kilicholowa, taratibu, usoni pa mtoto.

"Kesho anakuja getini," alisema bibi.

Kifaranga hakuwa amemwambia.

"Tutashuka wote."

Jagi likamponyoka. Alipoinama na kuinuka, kiti kilikuwa kitupu. Nyayo za maji zilielekea dirishani. Dirisha lile halikuwa la kufunguka.

Alimkimbilia Nyapara, akamweleza huku meno yakigongana. Nyapara akamvuta nyuma ya pazia, kucha zikazama mkononi mwake.

"Humwagiwa nje ili abaki nje! Ukimpa mkononi, umemkaribisha. Na mgeni hushuka na mwenyeji wake."

"Ni nani yule?"

"Mimi nilimkuta. Aliyenifundisha kazi naye alimkuta."

"Nisaidie, mama..."

"Nilikuonya. Huruma yako na ikule mwenyewe."

Usiku ule hakuna aliyekaa naye mezani. Mpishi alihamisha hata kijiko chake. Dobi peke yake alimwachia mkate kitandani, umefungwa kwenye kitambaa safi. Lakini godoro lake alishalihamishia kwenye korido.

Asubuhi, ngazi ikateremshwa. Wageni wakashuka na kofia zao pana. Kifaranga alisimama juu ya ngazi ndani ya gauni lililonyooka, akamwona mama yake getini. Akamwona mwanawe juu ya bega, amevaa fulana ya njano, mikono yote miwili hewani.

Akainua mguu.

Tone... tone...

Kitu cha baridi kikajipenyeza kwenye kiganja chake, vidole kwa vidole, kama mtoto anayetaka kuvushwa barabara.

Akaurudisha mguu.

"Shuka!" mpishi alifoka nyuma yake. "Ulimwalika mwenyewe, shuka naye!"

"Tuondolee balaa!" mwingine akadakia.

Wakamsukuma mgongoni. Kifaranga alikumbatia reli, akang'ang'ania kama kupe, gauni likachanika begani. Kule getini mtoto alikuwa anamwita. Hakusikia sauti, aliona mdomo tu. Ma-ma. Ma-ma. Akafumba macho, akazidi kukaza mikono, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Hakushuka. Alibaki pale mpaka wageni wakarudi na kamba zikafunguliwa, ndipo kile kiganja kikateleza kutoka kwenye chake.

Dobi alikuja kumtupia kanga mabegani. Hakumgusa.

Jioni alipiga simu nyumbani.

"Mwanangu, ndiyo nini ile?" sauti ya mama yake ilikuwa na uchungu. "Tumesimama juani tangu asubuhi, unatutazama tu kama hutujui!"

"Nisamehe, mama. Nitakueleza. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anacheka tu peke yake. Ila tangu jana jioni hataki kunywa maji."

Kifaranga aliegemea ukuta. "Ana homa?"

"Hana. Nikimpa kikombe anakisukuma. Anasema anayo mengi."

Mkono ukamwendea wenyewe mfukoni, ukatoa picha. Pale usoni pa mtoto palikuwa bado pamelowa.

"Mama... hapo ulipo, bomba linavuja?"

"Bomba gani? Maji yamekatika tangu juzi."

Lakini kwenye simu, nyuma ya sauti ya mama yake, alisikia wazi.

Tone...

Tone...