Ngozi ya Kumi na Saba

Saa nne na dakika kumi asubuhi, bawa la mtambo wa umeme wa upepo lilikatika katika chumba cha majaribio likiwa limebeba tani sita tu. Kipande kiliruka kikamvunja fundi mmoja mkono. Mhandisi wa makadirio alikuwa ameandika kwamba bawa halitapasuka kabla ya tani kumi. Kufikia saa sita barua ya kumfukuza ilikuwa mezani kwa meneja, ikingoja sahihi.

Mkaguzi wa ajali, mama aliyemshuku hata anayemsalimu kwa adabu, alianza na binti huyo mhandisi.

"Hesabu zako zimetudanganya?"

"Mama, nilikadiria matabaka ishirini na manne ya kitambaa yaliyoshikana. Haya hayakushikana."

"Hivyo ndivyo wote husema."

Hata hivyo mkaguzi alitoa sarafu, akaligonga bawa taratibu. Kwingine lililia ti, ti. Karibu na mpasuko likaitikia bu, bu. Ndani palikuwa na mwanya.

Alimbana mtu wa tanuri la kuivishia mabawa, akidhani amepunguza moto. Chati ya joto ikamsafisha. Ukabaki ubao wa karakana.

Katika karakana ile, kila tabaka la kitambaa chenye gundi huja na plastiki nyembamba ambayo mafundi huiita ngozi. Ukiibandua, unaiandika namba na kuitundika ubaoni, isije ikasahaulika ndani. Zilikuwepo ishirini na nne, kamili kabisa, na ukamilifu huo ulimkera mkaguzi.

"Nani alizihesabu?"

"Mimi," alisema msimamizi, mzee ambaye karakana nzima ilimwita Mjomba.

"Nisomee basi fomu hii, nani alitandaza tabaka lipi."

"Soma mwenyewe, mama. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa ikining'inia kifuani pake.

Mkaguzi alizigusa ngozi moja moja. Zote zilinata kidoleni, isipokuwa ya kumi na saba, nayo namba yake ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa kuliko zote.

"Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba. Hii haijawahi kuonja gundi. Imekatwa upya ili hesabu itimie, na ya kweli imo ndani ya bawa. Aliyeandika namba hii hawezi kuona ndogo."

Mzee alikaa kitini kwa kishindo.

"Fundi wa zamu alipata dharura, nikatandaza mwenyewe. Kuhesabu, moja haipo, na bawa limeshaiva. Ningesema, wangejua macho yamekwisha, nami nimebakiza miezi minane nistaafu. Nikajipa moyo kwamba makadirio ya binti huwa na akiba, litahimili."

"Ukaniacha nifukuzwe, Mjomba?" binti alifoka.

Meneja, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliichana barua vipande viwili, lakini binti hakumtazama; macho yake yalikuwa kwa mzee.

"Tangu macho yaanze kukusumbua, umetandaza mwenyewe mabawa mengine mangapi?"

"Sita."

"Yako wapi?"

"Yameshapandishwa, mwanangu. Yanazunguka."

Binti alikuwa tayari ameinua simu.